Miguu ya mwenye kisukari: ukaguzi wa dakika kumi kila jioni, na la kufanya ukikuta kidonda

Maswali ya kliniki za kisukari ni yale yale, iwe Dodoma mjini, iwe Bahi au Kongwa. "Mguu hauumi, niuangalie wa nini?" "Magaga haya nipake nini?" "Ni kidonda kidogo tu, si nitie spiriti?" "Mama yuko kijijini Mpwapwa, mimi niko mjini, nitamkaguaje?" Majibu yako humu. Yanamhusu mwenye kisukari mwenyewe, na pia mwanawe au mjukuu anayemtunza.

Kwanza, kwa nini mguu. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu na mishipa ya damu. Mishipa ya fahamu ikiharibika mguu unaingia ganzi: mwiba unazama, kokoto inashinda kiatuni kutwa, nawe huna habari. Mishipa ya damu ikiziba, kidonda ambacho kwa mtu mwingine kingefunga kwa wiki moja kinakaa miezi, kinaoza, na mwisho wake huwa kukatwa kidole au mguu. Maumivu ni mlinzi. Hapa mlinzi amelala, kwa hiyo zamu inashikwa na macho na mikono.

Huku kanda ya kati tuna ya kwetu ya kuongeza: mbigili na miiba ya migunga, vumbi, kiangazi kirefu kinachopasua visigino, na upepo wa baridi wa Juni na Julai unaomfanya mzee asogeze miguu karibu na jiko la mkaa mpaka iungue bila yeye kujua.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Beseni, sabuni ya kawaida ya kuogea, na taulo laini ambalo ni la miguu tu
- Mafuta ya mgando yasiyo na manukato makali
- Kioo kidogo, au simu yenye kamera na tochi
- Kikata kucha na tupa ya kucha (wembe hauhitajiki, uondoe kabisa)
- Soksi za pamba za rangi nyeupe au nyepesi, jozi tatu hivi
- Pakiti ya gozi safi, bandeji moja, na chumvi ya jikoni
- Daftari. La shule linatosha.

Vyote hivi vinapatikana duka la dawa na dukani mtaani. Soksi nyeupe zina sababu: damu au usaha ukitoka, utauona juu ya kitambaa hata kama mguu hausemi kitu.

Hatua za kila jioni

1. Pima joto la maji kwa kiwiko, si kwa mguu. Maji yawe vuguvugu, yasizidi nyuzi joto 37. Mguu wenye ganzi hauwezi kukuambia kwamba maji yanaunguza, na mikono nayo wakati mwingine imeshaanza kufa ganzi. Kama una mashaka na kiwiko chako, mtoto au mke apime kwa cha kwake. Malengelenge ya maji ya moto ni mwanzo wa vidonda vingi ambavyo vingeepukika.

2. Osha, usiloweke. Dakika mbili au tatu zinatosha. Kuloweka miguu nusu saa kwenye maji ya chumvi "ili ganzi itoke" hakutoi ganzi. Kunakausha ngozi na kuifanya ipasuke. Kama maji yenu ni ya kisima chenye chumvi na sabuni haitoi povu, suuza mara mbili ili mabaki ya sabuni yasibaki kwenye ngozi.

3. Kausha kwa kugusagusa, hasa katikati ya vidole. Pitisha ncha ya taulo kila nafasi, nafasi zote nane. Unyevu ukibaki hapo, fangasi wanaingia, ngozi inalainika na kupasuka, na mpasuko ule ni mlango wa vijidudu.

4. Kagua. Hapa usiharakishe. Keti penye mwanga, weka mguu mmoja juu ya goti la mguu wa pili. Usipofika, weka kioo sakafuni na uning'inize unyayo juu yake, au mtu akupige picha ya unyayo. Fuata mpangilio uleule kila siku ili usiruke sehemu: juu ya mguu, vidole kimoja kimoja, katikati ya vidole, kucha, unyayo, kisigino, kifundo.

Unatafuta mkwaruzo, lengelenge, mpasuko, mwiba, sugu mpya, kucha iliyozama, funza, ute au harufu. Watu husoma kwamba watafute "wekundu", kisha wasiuone, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi hivyo. Kwetu tafuta sehemu iliyozidi weusi kuliko pembeni yake, au iliyo ya zambarau, inayong'aa, iliyovimba, au yenye joto. Joto lipime kwa mgongo wa kiganja: gusa sehemu ile mguu wa kushoto, kisha sehemu hiyohiyo mguu wa kulia. Upande mmoja ukiwa na joto kuliko mwingine, kuna jambo.

Sugu yenye doa jeusi au jekundu ndani yake si sugu tena. Hiyo ni damu iliyovilia chini ya ngozi ngumu, na kidonda kiko njiani. Nenda kituo cha afya wakaichonge.

5. Paka mafuta ya mgando juu ya mguu, unyayoni na visiginoni. Katikati ya vidole usipake. Mwenye magaga apake asubuhi na jioni, na usiku avae soksi za pamba juu yake. Kuanzia Mei mpaka mvua zinyeshe, usiruke hata siku moja.

6. Andika mstari mmoja daftarini. Tarehe, sukari kama umepima, na ulichokiona: "10/7, asubuhi 7.8, kisigino cha kulia mpasuko mdogo." Daftari hili ndilo litakalomwambia daktari kidonda kilianza lini, maana ukiulizwa bila daftari utasema "juzijuzi tu" na kumbe ni wiki tatu.

Hatua za mara moja moja

7. Kucha, kila wiki mbili au zinapokua. Kata baada ya kuosha, zikiwa laini. Kata moja kwa moja, usizungushe pembeni na usichimbe kona. Malizia kwa tupa. Kama huoni vizuri, au kucha zimekuwa nene kama gome, muachie mtu mwingine mwenye macho mazuri, au upeleke kliniki. Vijana wa mtaani wanaosafisha kucha kwa kiti na beseni, wakitoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine na vifaa vilevile, si mahali pa mguu wenye kisukari.

Wembe, kisu na dawa za kubandika za kuondoa sugu ni marufuku. Dawa hizo zina asidi na haziwezi kutofautisha sugu na nyama. Jiwe la kusugulia linaruhusiwa kwenye magaga mepesi, taratibu, kwa kuelekea upande mmoja tu, na si kila siku.

8. Kipimo cha ganzi, mara moja kwa mwezi. Mwenye kisukari afumbe macho. Wewe gusa kwa ncha ya kidole chako, kwa wepesi, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kusugua: kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha mguu wa kulia, kisha vile vile mguu wa kushoto. Jumla sita. Yeye aseme "kulia" au "kushoto" kila anapohisi. Akikosa viwili au zaidi kati ya sita, mguu umepoteza hisia na kliniki iambiwe. Kosa la kawaida ni kurudia kumgusa pale alipokosa, ukibonyeza zaidi, mpaka aseme ndiyo. Amekosa, andika amekosa.

9. Viatu. Peku hapana, hata ndani ya nyumba, hata kwenda chooni usiku. Sakafu ya saruji ina misumari, sindano na vijiti vya kiberiti kama uwanja tu.

Nunua viatu alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo. Kabla ya kwenda soko la Sabasaba kuchambua mtumba, simama juu ya karatasi ngumu, mtu achore mguu wako kwa kalamu iliyosimama wima, kisha ukate umbo hilo. Karatasi iingie ndani ya kiatu bila kukunjika, na ibaki nafasi ya kama sentimita moja mbele ya kidole kirefu. Usiamini kuhisi kwako. Mwenye ganzi huchagua kiatu kinachobana kwa sababu ndicho pekee anachokihisi.

Kiatu cha mtumba kimeshachukua umbo la mguu wa mwingine. Ingiza mkono, papasa ndani yote, na mwambie fundi viatu abadilishe soli ya ndani. Katambuga ni ngumu na hudumu, lakini misumari yake hupanda juu taratibu kadiri tairi inavyolika. Ikague kila asubuhi, au bora uiache. Kandambili zina ubaya wa aina mbili: kamba inachubua kati ya vidole, na mguu wenye ganzi huiacha njiani bila mwenyewe kujua. Kinachofaa ni kiatu kilichofunikwa mbele, chenye soli nene na mkanda nyuma ya kisigino.

Kiatu kipya: siku ya kwanza kivae kwa muda wa saa moja tu, vua, kagua. Siku ya pili muda wa saa mbili. Na kila unapovaa kiatu chochote, kipya au cha zamani, kitikise kwanza na uingize mkono ndani.

Nyongeza kwa wapanda bodaboda: bomba la moshi la pikipiki huchoma muundi, na mwenye ganzi anakuja kuona lengelenge jioni. Panda na ushuke upande usio na bomba.

Ukikuta kidonda

1. Acha kukikanyaga. Hili ni la kwanza kwa sababu ndilo linaloachwa. Dawa ikipakwa na mtu akaendelea kutembea juu ya kidonda cha unyayo, kila hatua inaponda nyama mpya inayoota. Tafuta fimbo au magongo, kaa, agiza vitu uletewe.
2. Nawa mikono kwa sabuni.
3. Chemsha maji nusu lita, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, acha yapoe kabisa. Mimina juu ya kidonda mpaka uchafu utoke. Usikisugue.
4. Funika kwa gozi safi, funga bandeji bila kukaza. Badilisha kila siku, au mapema zaidi ikilowa.
5. Nenda kituo cha afya siku hiyo au kesho yake, hata kama kidonda ni kama punje ya mtama. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.
6. Pima sukari mara nyingi zaidi kuliko kawaida. Uambukizi hupandisha sukari, na sukari ikipanda kidonda hakifungi. Usiache dawa wala insulini.

Usitie spiriti, peroksaidi, dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa, wala unga wa kapsuli uliofunguliwa. Spiriti na peroksaidi huua pia chembe zinazojenga nyama mpya. Unga wa kapsuli hutengeneza gamba zuri juu huku usaha ukichimba chini. Malengelenge usiyatoboe.

Usingoje kesho ukiona:

- usaha, harufu mbaya, au sehemu iliyogeuka nyeusi na kufa
- uvimbe, joto au mabadiliko ya rangi yaliyosambaa zaidi ya sentimita 2 kutoka ukingo wa kidonda
- homa, kutetemeka, kutapika, au sukari iliyopanda na haishuki
- kidonda kirefu kinachoonyesha mfupa au kano
- mguu uliopoa ghafla na kubadilika rangi
- mguu uliovimba na kupata joto bila kidonda chochote

Hilo la mwisho linahitaji maelezo. Mguu mmoja unavimba, una joto, hauumi sana au hauumi kabisa. Nyumbani wanasema umeteguka, anaitwa mkandaji. Inawezekana mifupa ya mguu inalainika na kuvunjika ndani kwa sababu ya mishipa ya fahamu iliyoharibika. Ukikandwa na kuendelea kutembea, upinde wa mguu unaporomoka na unyayo unatokeza katikati kama mtumbwi. Usikandwe. Usiukanyage. Hospitali, na uwaambie wazi kwamba una kisukari.

Zahanati ikikuandikia rufaa kwenda hospitali ya wilaya, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ambayo wengi bado wanaiita General, au Hospitali ya Benjamin Mkapa, nenda wiki hiyohiyo. Kusubiri mavuno yauzwe ndipo uende kumegharimu watu miguu.

Vipimo vingine vya mwaka

Kinachoharibu mguu hakiishii mguuni. Mara moja kwa mwaka: macho yapimwe kwa dawa ya kupanua mboni, hata kama unaona vizuri (siku hiyo usiendeshe, hospitali ya Mvumi inajulikana kwa macho kwa walio upande huo), mkojo upimwe protini, na damu ipimwe kreatinini kwa ajili ya figo. Benjamin Mkapa wanapandikiza figo tangu 2018, lakini kikopo cha mkojo ni safari fupi zaidi. Presha ipimwe kila unapokwenda kliniki. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, kwa watu wengi kinalengwa kiwe chini ya asilimia 7. Wazee sana daktari huwalegezea.

Miguu yenyewe ikaguliwe na mtaalamu mara moja kwa mwaka kama hisia zipo. Hisia zikipotea, kila miezi 6 hadi 12. Kama hisia zimepotea na mguu umeharibika umbo, kila miezi 3 hadi 6. Aliyewahi kuwa na kidonda au kukatwa kidole, kila mwezi mmoja hadi mitatu.

Mambo yakikwama

*Miguu inawaka moto usiku, silali.* Ni mishipa ya fahamu ileile. Usiitie kwenye maji ya moto wala ya barafu. Mwambie daktari, kuna dawa za mishipa kama amitriptilini, zinazoanza kwa dozi ndogo usiku. Diklofenaki za dukani hazitibu maumivu haya, na zikitumiwa mfululizo zinaumiza figo. Kama umetumia metformini miaka mingi, uliza kuhusu vitamini B12, maana dawa hiyo inaweza kuipunguza na upungufu wake nao huleta ganzi.

*Sukari imepanda ghafla na chakula sijabadili.* Vua viatu, kagua miguu upya kwa tochi. Mara nyingi uambukizi uliojificha ndio chanzo. Kagua pia meno na mkojo.

*Sukari yangu sasa ni nzuri, mbona ganzi haiondoki?* Mishipa iliyokwisha haribika kwa kawaida hairudi. Sukari nzuri inazuia isiendelee. Ukaguzi wa jioni unabaki palepale.

*Magaga hayaishi.* Angalia kama mafuta yanapakwa mara mbili kwa siku, na kama viatu viko wazi kisigino. Kiatu cha wazi kinaacha kisigino kitanuke na kupasuka. Mpasuko unaotoa damu ni kidonda, ufuate utaratibu wa kidonda.

*Ngozi nyeupe yenye unyevu na harufu kati ya vidole.* Fangasi. Krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku, na uendelee wiki mbili baada ya ngozi kuwa safi. Wengi huacha siku kuwasha kunapokoma, na fangasi wanarudi.

*Funza.* Asitolewe kwa mwiba au pini ya nguo. Mhudumu wa afya amtoe kwa kifaa kilichotakaswa, tundu lisafishwe na kufunikwa kama kidonda. Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji na kufagiliwa mara kwa mara.

*Mama yuko kijijini.* Mjukuu mmoja apewe kazi hiyo kwa jina, si "mtamwangalia". Kila Jumapili apige picha nne: juu ya kila mguu na unyayo wa kila mguu, akutumie. Linganisha na za wiki iliyopita. Mjulishe pia mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji hicho.

*Kidonda kimepona, naweza kurudi kwenye kandambili?* Hapana. Kati ya watu kumi waliopona kidonda cha kisukari, karibu wanne hupata kingine ndani ya mwaka mmoja, mara nyingi palepale. Kilichokileta, yaani kiatu, sugu au mwendo, kiondolewe kwanza.

*Nikienda kliniki wananiangalia sukari tu, miguu hawaigusi.* Foleni ni ndefu na viatu vyako vimefungwa. Vua viatu na soksi ukiwa bado kwenye benchi, ingia chumbani navyo mkononi, na ufungue daftari ukurasa wa wiki hii.